Je, Binti Yetu Acheze Raga?



Kila kizazi kina maswali yake. Wazazi wetu waliulizwa kama ni vema binti aende shule, na wengi wakajibu kwamba hapana, akae nyumbani achunge mbuzi na kungoja mahari. Baadaye wakaulizwa kama ni vema asomee uuguzi, alale bwenini mbali na kwao. Maswali hayo leo yamekwisha. Baba wa hapa Mwankoko mwenye binti muuguzi hujisifu mbele ya wenzake baada ya Misa. Lakini maswali mengine yamekuja, na mojawapo ndilo nililoliandika hapo juu.

Nawaomba msicheke upesi. Mpira wa miguu wa wasichana nao ulichekwa sana vijijini. Kisha mwaka 2022 timu yetu ya wasichana walio chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilikwenda India kwenye Kombe la Dunia, ikaifunga Ufaransa mabao 2 kwa 1, ikafika robo fainali. Siku zile niliwaona wacheshi wa zamani wakiwa wa kwanza kusogeza viti karibu na redio.

Sasa habari ya raga imefika nyumbani kwangu. Mjukuu wangu, msichana wa kidato cha tatu anayesoma Arusha, alikuja likizo na karatasi inayotaka sahihi ya mzazi ili aruhusiwe kujiunga na timu. Baba yake, ambaye ni mwanangu, alikataa kutia sahihi. Mama yake alinyamaza. Basi karatasi ikaletwa kwangu, babu aamue. Ninyi mnajua kwamba neno la babu likishatoka halirudi kwa urahisi. Kwa hiyo niliona ni haki niujue kwanza mchezo wenyewe, na niwajue wanawake waliouasisi. Nimesoma na kuuliza, na niliyoyapata nawagawia, maana kesho karatasi kama hiyo yaweza kufika nyumbani kwako.

MCHEZO WENYEWE

Raga huchezwa na watu 15 kila upande, au 7 katika namna fupi ya mchezo huo. Mpira wake una umbo la yai, na huchukuliwa mikononi. Mchezaji hukimbia nao mpaka nyuma ya mstari wa wapinzani, na akiugusisha chini timu yake hupata alama 5. Wapinzani wana ruhusa kumkamata mwenye mpira na kumwangusha, ila ni marufuku kumkaba juu ya mabega. Neno la mwamuzi ni la mwisho, na mchezaji anayembishia huadhibiwa.

Kuna sheria moja iliyonifurahisha zaidi. Mwenye mpira hukimbia kwenda mbele, lakini haruhusiwi kumrushia kwa mikono mwenzake aliyetangulia mbele. Sharti amrushie aliye kando yake au aliye nyuma. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

HOFU YA WAZAZI

Mwanangu alikuwa na sababu za kukataa, nami sikuzidharau. Aliniambia, "Baba, huu ni mchezo wa kuvunjana shingo." Je, alikosea? Hasha. Mwaka 2012 nahodha wa timu ya wanawake ya Kenya, Aberdeen Shikoyi, aliumia uti wa mgongo katika mchezo na Uganda huko Nairobi, na siku chache baadaye akafariki dunia. Alikuwa binti wa watu kama wetu. Anayewaambia kwamba raga haina hatari hawatakii mema. Mungu ampumzishe kwa amani.

Lakini tuseme kweli yote, si nusu yake. Binti zetu hapa Singida hubeba ndoo ya lita 20 kichwani, nayo ni kilo 20, tangu wangali wadogo. Hupura mtama na uwele juani mchana kutwa. Hupakiwa juu ya magunia ya alizeti ndani ya lori, na wengine huchukuliwa watatu kwenye pikipiki moja bila kofia ya chuma. Ni nani kati yetu aliyewahi kuitisha kikao cha ukoo juu ya shingo zao kwa sababu ya hayo? Hatari ya kazi tumeizoea hata hatuioni tena. Hatari ya mchezo tunaiona kwa sababu ni ngeni. Mzazi mwenye busara hupima zote mbili kwa mizani moja.

Wengine wanasema msichana akicheza mpira wa nguvu hatazaa. Hayo ni maneno ya kilabuni. Wako wachezaji wengi wa raga waliozaa watoto na kurudi uwanjani. Wengine wanauliza kama mchezo unafaa kwa Mkristu. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwa mfano wa wakimbiaji, na Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Nne mwenyewe ni mchezaji wa tenisi. Mwili ni kazi ya mikono ya Mungu. Kuufanyisha mazoezi kwa adabu si dhambi, na kuuharibu kwa pombe ni dhambi. Tunajua ni lipi kati ya hayo mawili linalosumbua zaidi vijiji vyetu.

Tena jirani zetu wametangulia. Mwaka 2016 raga ya watu 7 iliingizwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki, kule Rio de Janeiro. Afrika Kusini walikuwa wameshinda nafasi ya Afrika, lakini kamati yao ya Olimpiki haikuwapeleka wanawake hao. Nafasi ikawaangukia wasichana wa Kenya. Nahodha wao aliitwa Philadelphia Olando. Walifungwa mara nyingi, kisha katika mchezo wao wa mwisho waliishinda Kolombia, wakashika nafasi ya 11 kati ya timu 12. Walirudi tena kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, wakawashinda Wajapani wenyewe nyumbani kwao na kumaliza wa 10. Ni nafasi moja tu mbele, lakini mkulima anayevuna gunia moja zaidi ya mwaka jana hasemi kwamba amefanya kazi bure.

WANAWAKE WANNE NA BARUA ZAO

Hapo nikajiuliza: njia hii ambayo wasichana wa Kenya waliikuta wazi, nani aliifyeka? Jibu lilinipeleka Uingereza, kwa Bibi Deborah Griffin. Habari yake ndiyo iliyobadili mazungumzo ya nyumbani kwangu, na kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Bibi huyu alianza kucheza raga mwaka 1978, alipokuwa mwanafunzi katika chuo kikuu mjini London. Siku zile raga ilikuwa mali ya wanaume, na mwanamke aliyeonekana uwanjani alidhaniwa amekuja kupika chai. Mwaka 1983 yeye na wenzake waliunda chama cha raga cha wanawake wa Uingereza, Wales, Uskoti na Ayalandi. Baadaye alicheza katika klabu ya Richmond. Kazi yake ya mkate ilikuwa ya fedha na mahesabu, na hilo msilisahau.

Wanaume walikuwa wamefanya Kombe lao la kwanza la Dunia mwaka 1987. Bibi Griffin akawaza, kwa nini wanawake wasiwe na lao? Alikaa na wenzake watatu wa klabu ile ile, Sue Dorrington, Alice Cooper na Mary Forsyth. Walikuwa wanawake wanne, kila mmoja na kazi yake ya mchana. Hawakuwa na ofisi wala karani. Kazi ya mashindano waliifanya jioni na siku za mapumziko. Waligawana: huyu atafute fedha, huyu aseme na magazeti, huyu ashike mahesabu. Waliandika barua kwa nchi za mbali, wakauliza, nanyi mtakuja?

Wakubwa wa raga ya dunia hawakuwapa kibali rasmi, wala fedha. Matajiri wa kampuni nao walifunga mikoba yao. Mtu mwingine angekunja jamvi hapo. Wao waliwaambia wageni waziwazi kwamba kila timu itajilipia nauli na chakula. Na bado timu zikaja! Mwezi wa Aprili 1991 timu 12 zilikusanyika mjini Cardiff, katika nchi ya Wales: Uingereza, Wales, Ufaransa, Uholanzi, Italia, Hispania, Uswidi, Kanada, Marekani, New Zealand, Japani na Umoja wa Kisovieti. Kutoka Afrika hakuja hata mmoja.

Sikilizeni habari ya wasichana wa Kisovieti. Sheria za nchi yao hazikuwaruhusu kutoka na fedha. Basi walifunga mizigo ya pombe yao ya vodka, mayai ya samaki ya bei kubwa na wanasesere wa mti, wakafika Cardiff na kuanza kuviuza barabarani ili wapate chakula. Maafisa wa forodha wakawajia. Jambo lingeweza kuishia kwa aibu, lakini watu wa mji ule waliposikia wageni wana njaa, waliwaletea vyakula na msaada. Niliposoma hayo nilisema moyoni, hawa wangefika Mwankoko wangekaribishwa kwa ugali na kuku. Ukarimu hauna taifa.

Fainali ilichezwa tarehe 14 Aprili 1991 katika uwanja wa Cardiff Arms Park. Marekani iliishinda Uingereza alama 19 kwa 6. Sue Dorrington, mmoja wa wale wanne, alikuwa uwanjani akiichezea Uingereza. Fikirini: kwa miezi mingi alitafuta fedha za mashindano, kisha akavaa viatu na kucheza fainali yenyewe, na akashindwa. Watazamaji walikuwa kama 3,000. Mashindano yalipokwisha, hesabu ilionyesha deni. Kwa macho ya mfanya biashara, yalikuwa hasara.

MBEGU ILIYOZIKWA

Lakini ninyi wakulima mnajua kwamba mbegu ikifukiwa haionekani, wala haimaanishi kwamba imekufa. Mashindano yale hayakukoma. Mwaka 1994 yalifanyika Uskoti. Mwaka 1998, huko Uholanzi, wakubwa wa raga waliyasimamia kwa mara ya kwanza kama Kombe la Dunia halali. Na mwaka 2009 wakubwa hao hao walitangaza kwamba hata lile la 1991, walilokataa kulibariki, lihesabiwe kuwa Kombe la kwanza la Dunia la wanawake.

Bibi Griffin hakutoka kazini. Aliendelea na vikao, barua na mahesabu mwaka baada ya mwaka. Aliingia katika halmashauri ya Chama cha Raga cha Uingereza, akiwa mwanamke wa kwanza. Alikuwa pia mtunza fedha wa chuo kimoja cha Cambridge, kiitwacho Homerton. Chama hicho cha raga kiliundwa mwaka 1871. Mwaka 2025, baada ya miaka 154 ya marais wanaume, yeye alifanywa rais wake. Na mwaka huo huo, tarehe 27 Septemba, fainali ya Kombe la Dunia la wanawake ilichezwa London, katika uwanja wa Twickenham. Uingereza iliishinda Kanada alama 33 kwa 13. Watazamaji walikuwa 81,885. Linganisheni na wale 3,000 wa Cardiff. Tena Afrika haikukosekana, maana Afrika Kusini ilifika robo fainali.

Imepita miaka 34 kati ya fainali hizo mbili. Msichana aliyezaliwa siku ile ya Cardiff ameshakuwa mama wa watoto wanaosoma. Kazi njema ina miguu mizito, lakini hufika.

UAMUZI WA NYUMBANI KWANGU

Nilimwita mwanangu, mkewe na mjukuu, nikawasimulia hayo yote kama nilivyowasimulia ninyi, pamoja na kifo cha nahodha wa Kenya. Sikumficha msichana jambo hilo, kwa sababu anayeomba ruhusa ya kitu sharti ajue bei yake. Alisikiliza akiwa ameinama. Kisha akasema, "Babu, nimesikia. Lakini bado nataka."

Mama yake, ambaye hakuwa amesema neno tangu mwanzo, ndiye aliyejibu. Alisema, "Mimi nilitaka kucheza netiboli ya wilaya nikakatazwa. Sikufa, lakini sijasahau." Mwanangu alimtazama mkewe kana kwamba anamwona mara ya kwanza. Miaka mingi ya ndoa, na jambo hilo hakuwahi kulisikia!

Basi tulikubaliana, na masharti yetu ni haya. Kwanza, tujue kwamba mwalimu wa timu amefundishwa kazi hiyo, maana kuangushana kuna namna yake salama na huwezi kukubuni tu. Pili, aanze na raga ya kugusana, ambayo mwenye mpira haangushwi bali huguswa tu, mpaka mwili na akili vizoee. Tatu, akigongwa kichwa, hata akijiona mzima, atoke uwanjani mara moja wala asirudi siku ile. Hii ni kanuni ya raga duniani kote, na mwalimu asiyeifuata hafai kukabidhiwa mtoto wa mtu. Nne, masomo yakishuka, mpira upumzike. Tano, na hili ndilo langu mimi babu, aombe kushika daftari la timu: nani amelipa, nani hajalipa, jezi ngapi zipo, nauli ya safari ni kiasi gani.

Alishangaa kwa sharti la tano. Nikamwambia, miguu ya kukimbia itachoka ukifika miaka 35, lakini mkono ulioandika barua mwaka 1991 ulikuwa ungali ukiandika mwaka 2025. Karatasi ikatiwa sahihi na baba yake, kwa mkono wake mwenyewe. Moyo wake haujatulia bado, wala wangu. Kila Jumamosi tunasali.

NENO KWA WAZAZI

Sasa nageukia nyumba zenu. Labda hamna binti anayetaka raga, na labda mpira wa yai hautafika kijijini kwenu kwa miaka mingi. Habari ya Bibi Griffin yawahusu hata hivyo. Wachezaji hodari walikuwapo kabla yake. Kilichokosekana ni mtu wa kuwakusanya, kupanga tarehe, kuuliza nauli itatoka wapi, na kusimama mbele ya watu siku hesabu inaposomwa na kuna deni. Mtu wa namna hiyo haoti kama uyoga. Hulelewa.

Tuna mfano karibu yetu. Umoja wetu wa wanawake Wakatoliki, WAWATA, ulisherehekea miaka 50 mwaka 2022. Nani aliyeufikisha huko? Ni akina mama waliotoka shambani wakaketi kwenye kikao, wakachanga shilingi moja moja, wakaandika kila senti. Lakini niambieni, je, binti zao huwa wanakaa kando wakitazama jinsi kitabu kinavyoandikwa? Au wametumwa jikoni kuchemsha chai ya wajumbe?

Nikumbusheni ile sheria ya raga. Anayekimbia mbele hurusha mpira kwa aliye nyuma yake. Asiporusha, atakamatwa peke yake na mpira utapotea. Vivyo hivyo sisi wazee wa kigango na viongozi wa jumuiya tumeshika daftari muda mrefu. Wengine wetu tumelishika mpaka jalada limechakaa, na tukifa hakuna ajuaye fedha za paa la kanisa zilifika wapi.

Kwa hiyo nawaomba jambo dogo, ambalo halihitaji nauli wala jezi. Katika jumuiya yenu, mwezi ujao, mchagueni msichana mmoja aliyemaliza darasa la saba au anayesoma sekondari, akae karibu na mhazini. Aandike mwenyewe michango. Asome hesabu mbele ya watu kwa sauti inayosikika. Akikosea, asahihishwe kwa upole, aandike tena. Mtumishi aliyefukia talanta ardhini hakusifiwa, na talanta za mabinti wetu hatukupewa ili tuzifukie chini ya mafiga.

Mungu awabariki katika nyumba zenu, na mvua ya mwaka huu iwe ya kutosha.